Ngozi yahitaji maji na utulivu, si sumu ya kuing'arisha

Yeyote apitaye katikati ya jiji la Nairobi, akianzia barabara ya Tom Mboya na kuteremkia River Road, hakosi kuyaona maduka ya vipodozi yaliyobanana ubavu kwa ubavu. Rafu zake zimejaa chupa na makopo ya kila rangi: mafuta, losheni, sabuni, krimu na, siku hizi, vile vimiminiko vya chupa ndogo ambavyo vijana huviita seramu. Juu ya vifurushi hivyo yameandikwa maneno ambayo yamekuwa kama wimbo wa biashara hii, kwamba bidhaa iliyomo hutuliza ngozi na kuipa maji. Ni maneno mazuri. Lakini je, mnunuzi anayafahamu maana yake? Na je, kilichomo ndani ya kopo ndicho kilichoandikwa nje?

Nauliza maswali haya kwa sababu wengi wa wanunuzi hao ni vijana wa shule na vyuo. Mwanafunzi anayeshuka matatu kutoka Kangemi, Kawangware, Uthiru au Dagoretti hupita mbele ya maduka haya akiwa na shilingi chache mfukoni na kioo cha simu kilichojaa nyuso laini za watu wa mbali. Anaambiwa atumie vitu saba kila asubuhi na vingine vitano kila jioni. Asipovipata, huelekezwa kwenye kopo lisilo na jina, lililokorogwa nyuma ya kaunta, na huahidiwa kwamba litafanya kazi ya vyote kwa wiki mbili.

Mimi sipingi urembo, wala simlaumu kijana atakaye kupendeza. Nashikilia tu kwamba kuunganisha viungo vinavyotuliza ngozi na vile vinavyoipa maji ni jambo jema, la kitaalamu na lisilo na gharama kubwa, na kwamba pahali panapofaa jambo hilo kufundishwa ni shuleni. Kijana asipofunzwa na mwalimu wake atafunzwa na muuza duka, na karo ya shule hiyo ya pili ni ghali mno.

Na tuanze na ngozi yenyewe. Ngozi si gunia la kutilia nyama na mifupa. Ni kiungo cha mwili kama moyo na maini, na kazi yake ya kwanza ni ulinzi. Tabaka lake la juu kabisa limeundwa kwa seli zilizokufa zilizopangana kama matofali, na katikati ya matofali hayo mna mafuta ya asili yanayoyashikanisha kama saruji. Ukuta huo ukiwa mzima, maji ya mwilini hayatoki ovyo, wala vijidudu, vumbi na kemikali haziingii kwa urahisi. Ukuta ukipata nyufa, maji huvukiza, ngozi hukauka na kupauka, kisha huanza kuwasha. Mwenye kuwashwa hujikuna, na kila anapojikuna nyufa huzidi kupanuka. Basi kukauka na kuwasha ni ndugu wawili watembeao pamoja, na ndiyo sababu ya mtaalamu kutaka dawa zake pia ziende pamoja: ya kurudisha maji na ya kutuliza.

Hali ya anga ya Nairobi nayo ina neno lake katika habari hii. Jiji limeketi katika mwinuko wa takriban mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na kadiri mtu anavyoelekea magharibi, kupitia Westlands na Kangemi hadi Kikuyu, ndivyo ardhi inavyozidi kupanda na baridi kuzidi. Kuanzia Juni hadi Agosti asubuhi zetu ni za ukungu na kibaridi kikali. Mwezi wa Januari na Februari hewa huwa kavu na vumbi hutanda. Isitoshe, tuko karibu na ikweta na juu mlimani, kwa hiyo jua likitoka hutuchoma kuliko linavyomchoma mtu wa nchi tambarare za mbali. Haishangazi basi kumwona mtoto wa shule akiwa na miguu iliyopauka kama aliyetembea juu ya majivu, na midomo iliyopasuka ambayo huilamba kila mara akidhani anailainisha, kumbe mate yanapokauka huondoka na unyevu uliokuwapo.

Juu ya hayo, sisi wenyewe huongeza kosa kwa sabuni. Katika nyumba nyingi na mabweni mengi, sabuni ya kufulia ndiyo hiyo hiyo ya kuogea. Ngozi ya binadamu ina uasidi kidogo, na kipimo chake cha pH hukaribia 5. Sabuni ya kawaida ni besi, na kipimo chake hufika 9 au 10. Sabuni kali husafisha uchafu, naam, lakini huchukua pia yale mafuta yanayoshikanisha matofali. Mwanafunzi aliyeogea sabuni ya namna hiyo akajikausha hadi tone la mwisho, kisha akatoka nje alfajiri bila kujipaka chochote, ameubomoa ukuta wake kwa mikono yake mwenyewe.

Nini basi kifanyike? Wataalamu wa ngozi hugawanya viungo vya mafuta na losheni kwa kazi vinazofanya, na ningependa kila mwanafunzi azijue kazi tatu. Ya kwanza ni kuvuta maji na kuyashika ndani ya lile tabaka la juu. Ya pili ni kufunika, ili maji yaliyokwisha kuingia yasitoroke. Ya tatu ni kutuliza, yaani kupunguza mwasho, joto na wekundu au weusi unaoletwa na mkwaruzo. Kiungo kimoja huenda kisifanye kazi zote tatu, na hapo ndipo hekima ya kuunganisha inapoingia.

Katika kundi la wavutaji wa maji, mzee wao ni glisirini. Iligunduliwa mwaka 1779 na mkemia wa Sweden, Carl Wilhelm Scheele, na mpaka leo haijapata mpinzani wa kuifukuza sokoni. Vijana wa leo huimba sifa za asidi ya hailuroniki, nayo ni nzuri, lakini glisirini ya chupa ndogo inayouzwa kwa mkemia wa mtaani hufanya kazi ya jamii hiyo hiyo kwa bei ya chini mno. Urea nayo imo katika kundi hili, na krimu yenye asilimia 5 hadi 10 ya urea hufaa sana nyayo na visigino vilivyokakamaa. Sharti moja la glisirini lisisahauliwe: isipakwe tupu juu ya ngozi kavu katika hewa kavu. Ikikosa maji hewani itayavuta kutoka tabaka za ndani za ngozi, na mtu atabaki mkavu kuliko alivyokuwa. Izimuliwe kwa maji, ipakwe ngozi ikiwa bado na unyevunyevu, kisha ifunikwe.

Katika kundi la wafunikaji, mfalme ni mafuta ya mgando yatokanayo na petroli, ambayo wengi wetu huyaita Vaseline hata yakiwa yametengenezwa na kampuni nyingine. Mkemia Robert Chesebrough aliyapatia hataza nchini Marekani mwaka 1872 baada ya kuona wachimbaji wa mafuta wakiyapaka penye michubuko. Hapa Kenya tuna pia Arimis, mafuta yaliyokusudiwa viwele vya ng'ombe na mikono ya wakamuaji, ambayo wananchi waliyahamishia miguuni mwao bila kuuliza mtu. Nta ya nyuki, mafuta ya nazi ya Pwani na yale ya mti wa shea kutoka kaskazini mwa Uganda yote yana mahali pake katika jamii hii. Lakini ni lazima tufahamu kwamba mafuta ya mgando hayana maji ndani yake. Ukiyapaka juu ya ngozi iliyokwisha kukauka utang'aa, lakini utakuwa umefunga mlango wa chumba kitupu. Wengi hulalamika kwamba wanajipaka kila siku na bado wanapauka, na aghalabu sababu ni hiyo.

Hapa niongeze tahadhari kwa wenye kupikia majiko ya mafuta ya taa au makaa katika vyumba vidogo. Nguo na blanketi zilizolowa mafuta ya namna hii kwa siku nyingi hushika moto upesi na kuuzidisha. Zifuliwe mara kwa mara, na mtu aliyejipaka mwili mzima asikae akiuinamia moto.

Kundi la tatu, la watulizaji, ndilo linalovutia zaidi kwa upande wa lugha na mila zetu. Mswahili husema jambo ni chungu kama shubiri, na shubiri ni huo huo mmea ambao leo umechapishwa picha yake ya kijani kwenye nusu ya losheni za Nairobi. Jani la mshubiri lina vitu viwili tofauti. Chini ya ganda mna utomvu wa manjano, nao ndio wenye uchungu uliotupatia msemo. Huo huwasha ngozi ya watu wengi. Katikati ya jani mna ute mweupe unaopenya nuru, usio na uchungu, nao ndio unaopoza. Anayekata jani na kujisugua nalo hivi hivi amechanganya dawa na kiwashi. Njia iliyo sawa ni kulikata jani, kulisimamisha hadi utomvu wa manjano uchuruzike, kulimenya, kuuosha ule ute, kisha kuujaribu mahali padogo ndani ya mkono kwa siku moja kabla ya kuupeleka usoni.

Kadhalika mwanafunzi ajue kwamba mishubiri ya mwituni nchini Kenya si mali ya kila mwenye kisu. Agizo la rais la mwaka 1986 lilizuia uvunaji wa mishubiri ya porini, na mwaka 2007 zikatungwa kanuni za kuusimamia uvunaji na biashara yake, kwa kuwa ilikuwa ikikatwa ovyo katika sehemu kavu za nchi. Kupanda mmea mmoja ndani ya kopo dirishani ni heri kuliko kuupora msitu.

Watulizaji wengine wapo. Oti zilizosagwa zikawa unga laini na kutiwa katika maji ya kuoga hupunguza mwasho, na mwaka 2003 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilizitambua rasmi kuwa kinga ya ngozi. Kalamini, ile dawa ya rangi ya waridi iliyopakwa kila mtoto aliyeugua tetekuwanga, hutuliza kwa sababu ya oksidi ya zinki iliyomo. Hata hivyo kalamini hukausha. Mtu mwenye ngozi kavu inayowasha akijipaka kalamini peke yake atapumua kwa saa moja, kisha atarudi palepale. Huo ndio mfano bora wa kuonyesha kwamba kutuliza na kutia maji ni kazi mbili tofauti, na kwamba moja bila nyingine ni mkono mmoja usiolea mwana.

Wala tusidhani elimu hii ni ngeni iliyoletwa na meli. Wanawake wa Lamu, Mombasa na Unguja wamejipaka liwa tangu zamani, mti wa harufu nzuri unaosuguliwa juu ya jiwe kwa maji ukawa uji laini wa kupoza uso. Mafuta ya simsim na ya nazi yalifuata mwilini. Ukiitazama desturi hiyo kwa jicho la sayansi utaona kwamba maji, kitulizo na kifuniko vyote vilikuwamo. Bibi zetu hawakuwa na maabara, lakini walikuwa na macho na subira.

Basi utaratibu wenyewe ni mfupi na unaingia katika asubuhi ya mwanafunzi wa bweni. Aoge kwa maji ya uvuguvugu ikiwezekana, au ya baridi, lakini yasiwe ya moto sana. Sabuni isiyo kali ipite kwapani, miguuni na penye uchafu, isisuguliwe mwili mzima mara mbili kwa siku. Ajipanguse taratibu na kuacha unyevunyevu. Katika dakika chache zinazofuata ajipake glisirini iliyozimuliwa au losheni nyepesi, na palipo na mwasho apake kitulizo chake. Mwisho afunike kwa mafuta ya mgando kidogo. Mwenye chunusi apunguze mafuta mazito usoni. Kijana anayenyolewa kwa kinyozi wa Kawangware au Kangemi asikubali kumwagiwa spiriti kisogoni kisha akatoka hivyo. Spiriti huua vijidudu lakini hukausha na kuchoma, na palipopitiwa nayo panataka kitulizo na unyevu. Mchana jua likiwa kali, kofia na kivuli ni dawa, na kwa ndugu zetu wenye ualbino losheni ya kuzuia miale ya jua ni kinga ya uhai wenyewe, si pambo.

Hiyo ni michanganyiko ya halali. Sasa tugeukie ile ya haramu.

Jirani zetu Watanzania huuita mkorogo. Hapa kwetu husemwa mtu amejichubua. Ni krimu na sabuni zinazokorogwa pamoja ili kuondoa rangi ya ngozi, na balaa yake ni kwamba siku hizi huuzwa kwa maneno yale yale ya kutuliza na kulainisha. Anayenunua haambiwi kwamba ananunua kichubuzi. Huambiwa ni mafuta ya kutoa madoa, ya kulainisha uso, ya kuondoa chunusi.

Jiji hili lina ushahidi wake wa zamani kuhusu jambo hili. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha katika jarida la kitabibu la Uingereza, British Medical Journal, habari za wagonjwa wazima 60 wa Hospitali ya Kenyatta waliovimba mwili kwa sababu figo zao zilikuwa zikivujisha protini. Zaidi ya nusu yao walikuwa wametumia krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Katika wagonjwa wa kawaida wa hospitali hiyo, waliotumia krimu hizo walikuwa wachache mno kulinganishwa na hao. Krimu iliyopakwa shavuni ilikuwa imefika hadi kwenye figo. Zaidi ya nusu karne imepita tangu hapo, na bado kuna mama anayemwogesha mwanawe kwa sabuni asiyoijua iliundwa kwa nini.

Serikali haikukaa kimya. Mwaka 1998 vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vilipigwa marufuku nchini kupitia kwa Shirika la Ubora wa Bidhaa, KEBS. Ulimwengu nao ulisonga. Mkataba wa Minamata, uliopewa jina la mji wa Japani ambao watu wake walipatwa na maradhi mabaya ya zebaki yaliyotambuliwa rasmi mwaka 1956, ulipitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2017. Mojawapo ya vikao vya kuuandaa ilifanyika hapa hapa Nairobi mwaka 2011, na Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lililousimamia lina makao yake makuu Gigiri. Mwaka 2023 nchi wanachama zilizokutana Geneva ziliamua kwamba kufikia mwaka 2025 kipodozi chochote kilichotiwa zebaki, hata kwa kiasi kidogo, kisitengenezwe wala kuuzwa kutoka nchi moja hadi nyingine. Kutoka Gigiri hadi River Road ni safari fupi ya matatu, lakini sheria huonekana kuchukua miaka mingi kuimaliza safari hiyo.

Zebaki si adui pekee. Haidrokwinoni ikitumiwa kwa muda mrefu bila daktari inaweza kuleta kinyume cha kilichotafutwa: mwaka 1975 madaktari wa Afrika Kusini walieleza habari za madoa mazito, meusi yenye buluu, yaliyowatoka usoni watumiaji wa krimu hizo, na madoa hayo ni magumu kuondoka. Adui wa tatu ndiye mjanja kupita wote, nao ni krimu za steroidi. Hizi ni dawa za kweli, na daktari akiziandika kwa ukurutu huokoa ngozi. Hutuliza mwasho kwa siku mbili au tatu, na humo ndimo mna mtego. Kijana huona zimetuliza kuliko shubiri na kung'arisha juu yake, akaendelea mwezi baada ya mwezi. Ngozi huwa nyembamba kama karatasi, mishipa huonekana, michirizi hutokea, na akiacha ghafla uso huwaka moto. Kwa hiyo utulivu nao una wa kweli na wa uongo. Ule wa kweli huujenga ukuta upya. Wa uongo humfumba mlinzi mdomo huku ukuta ukiendelea kubomoka.

Mizizi ya haya yote ni fikira iliyomo vichwani mwetu. Mitaani husikika msemo wa rangi ya thao, binti akisifiwa kwa kufananishwa na noti ya shilingi elfu moja. Huenda anayeusema anatania. Lakini msichana mweusi aliyeketi dawati la nyuma ameusikia, na amejifunza kwamba ngozi hupimwa kwa fedha na kwamba yake haina thamani. Mwalimu anayemwita mwanafunzi kwa weusi wake mbele ya darasa, hata kwa mzaha, amemfungulia njia ya kwenda River Road. Kabla ya kulaumu duka, tulaumu ndimi zetu.

Wapo watakaosema kwamba mafuta ya kujipaka si kazi ya shule, na kwamba walimu wana mzigo wa kutosha. Nawaheshimu wenye hoja hiyo, lakini siiafiki. Habari hii imejaa sayansi tunayoifundisha tayari. Karatasi ya litimasi nyekundu ikitiwa katika maji ya sabuni ya kufulia itageuka buluu, na mwanafunzi ataelewa besi ni nini na kwa nini ngozi yake hukereka. Vipande viwili vya kiazi vilivyo sawa, kimoja kikipakwa mafuta ya mgando na kingine kikiachwa wazi, vikipimwa uzani kila siku kwa wiki moja, vitaeleza maana ya kufunika kuliko hotuba ya saa nzima. Glisirini kidogo ikiachwa wazi ndani ya kisahani siku ya unyevu itaongezeka uzani kwa kunywa maji ya hewani. Alama ya Hg katika jedwali la elementi, ambayo wengi huikariri kwa ajili ya mtihani, itapata maana mpya mwanafunzi akiambiwa aitafute kwenye kifurushi cha sabuni ya nyumbani, pamoja na neno calomel, au onyo kwamba bidhaa isiguse fedha, dhahabu wala mapambo.

Wengine watasema mtu mzima ana uhuru wa kuupaka mwili wake atakacho. Ni kweli, lakini uhuru hutaka maarifa. Asiyejua kilichomo ndani ya kopo hakuchagua, amechaguliwa. Tena zebaki haikai kwa aliyejipaka peke yake. Huenda kwenye taulo, kwenye mto wa kulalia na mikononi mwa mtoto anayebebwa.

Nawaomba basi walimu wa sayansi wakubali kutenga kipindi kimoja kwa muhula kwa ajili ya habari hii. Walezi wa mabweni wakague si vitanda tu bali pia makopo yasiyo na majina, wakifanya hivyo kwa upole, pasipo kumfedhehesha mtu. Wazazi waulize kwanza kabla ya kununua, na wakumbuke kwamba kifurushi kisicho na orodha ya viungo, jina la mtengenezaji na nembo ya ubora hakifai kuingia nyumbani. KEBS na Bodi ya Famasia na Sumu wasingoje malalamiko, bali watembelee kaunta za nyuma, kwani marufuku isiyofika kwenye rafu ni karatasi tu. Na mwenye mwasho usiokoma, ukurutu unaotoa maji au madoa yanayoenea asijitibu kwa ushauri wa jirani. Aende kliniki au hospitali ya umma iliyo karibu, aonwe na anayejua.

Nanyi wanafunzi, msidanganywe na wingi wa chupa. Ngozi nyeusi haina ugonjwa wa kutibiwa. Ina kiu wakati wa kiangazi na baridi wakati wa Julai, na mara nyingine hukasirika ikisumbuliwa. Ipeni maji, yafungieni ndani, itulizeni inapowasha, kisha iacheni ifanye kazi yake. Vya kutosha kufanya hayo vinapatikana Kawangware na Kangemi, na hakuna hata kimoja kitakachowadai rangi mliyozaliwa nayo.